Kura ya Uzito

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupikia vyungu kama sisi, palikuwa na Chama cha Wafinyanzi. Kila nyumba ilikuwa na kura moja, na shimo la udongo lilikuwa la wote. Mwenyekiti alikuwa Kifaru, makamu wake Nyati. Katibu alikuwa Pimbi, mjane mdogo wa umbo, mwenye watoto wa kulisha na moyo mwepesi wa kuogopa.

Asubuhi ya mkutano mkuu, Kifaru alimwita Pimbi nyuma ya banda la chama. Nyati alikuwepo.

"Katibu, leo utasoma hoja mpya. Kura zihesabiwe kwa uzito wa mwili. Mzito apate nyingi, mwepesi chache."

"Na mimi nitapata ngapi, Bwana Mwenyekiti?"

Kifaru akamtazama toka utosini hadi kucha, na hapakuwa na safari ndefu. "Wewe? Labda robo. Halafu shimo litakuwa chini yangu na Nyati. Atakayetaka udongo atatuomba."

Pimbi akawafikiria watoto wake. Bila udongo hakuna chungu, na bila chungu wanawe wangekula nini? Tena aliwajua wenzake. Kifaru akikoroma tu, Kanga huinamisha shingo, na Nguchiro hukumbuka ana shughuli nyumbani. Nani angempinga mbele ya pembe ile?

"Sawa, Bwana Mwenyekiti," akasema. "Ila wanachama watauliza uzito unapimwaje. Hatuna mizani. Mkikosa jibu, watacheka."

"Watacheka?" Neno hilo Kifaru hakulipenda.

"Shimo la udongo lipo, na jana mvua imenyesha. Azamaye zaidi ndiye mzito zaidi. Waonyesheni kabla sijasoma hoja."

"Vizuri," akasema Nyati. "Maana wapo wanaodhani mimi ni mwepesi kuliko mwenyekiti."

"Wanadhani?" akauliza Kifaru.

Wanachama walipokusanyika, wakubwa hao wawili wakaingia shimoni. Chubwi! Chubwi!

"Nimefika magotini," akasema Nyati.

"Mimi nimeyapita."

Pimbi alisimama ukingoni. Wakitoka sasa, amekwisha. "Naona makamu amemzidi mwenyekiti kidogo," akasema.

Kifaru akaanza kukanyaga kwa hasira, ndi, ndi, ndi. Nyati naye akakanyaga. Udongo ukapanda mapajani, ukafika matumboni, ukawashika.

Pimbi akakimbilia bandani. "Wanachama, ingieni upesi. Sheria yetu inasema mwenyekiti na makamu wakiwa nje ya banda, mkubwa wa umri ndiye anayeongoza kikao."

Mkubwa wa umri alikuwa Kobe. Akaanza safari ya kwenda kitini. Kule shimoni mguu mmoja wa Kifaru ukachomoka, pwaa!

"Babu, tafadhali," Pimbi akanong'ona.

"Haraka ya nini, mwanangu? Kiti hakitoroki."

Hatimaye Kobe akaketi, akakohoa, akakohoa tena. Pimbi akaisoma hoja bila kupumua.

"Wanaokubali kura ya uzito?" akauliza Kobe. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Wanaopinga?"

Kanga alikuwa akichungulia shimoni. Nguchiro alitazama mlango. Pimbi akaona akili yake yote imekwenda bure. Akanyoosha mkono peke yake.

Kanga akautazama mkono ule mdogo. Akainua ubawa. Kisha Nguchiro akanyoosha mkono wake, na banda zima likafuata.

"Hoja imeanguka," akasema Kobe. "Shimo linabaki la wote. Na mimi naomba tuchague viongozi wapya leo hii."

"Nimesikia," Kifaru akanguruma kutoka shimoni. Akajivuta awafuate, lakini mguu uliochomoka ukarudi ndani. Jua lilikuwa limepanda. Udongo ulikuwa ukimkaukia mbavuni na kumbana kama joho la jiwe.

"Katibu," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, "waambie watuletee maji."

Pimbi akasogea ukingoni. "Maji yapo, Bwana Kifaru. Lakini mimi sitoi amri peke yangu. Chama kitapiga kura."

"Kura gani?"

"Kila nyumba kura moja. Na yako imo, ukiikubali."

Nyati hakungoja. "Mimi naikubali," akasema, akiinua pembe. Kifaru akamtazama, akautazama udongo, naye akainua yake polepole.

Chama kikapiga kura, wote wakakubali, ndipo mitungi ikaja. Kila nyumba ilimimina mtungi wake, udongo ukalainika, na wote wakavuta kamba pamoja mpaka wawili wale wakatoka.

Kifaru akampita Pimbi karibu sana. Pimbi akafumba macho. Hakuguswa. Alipoyafumbua, Kifaru alikuwa ameketi mkekani kati ya Kanga na Nguchiro, akingoja uchaguzi uanze.

Basi shikeni hili, wanangu: kiti cha chama hukaliwa na mmoja, lakini hubebwa na wengi.