Mashimo ya Bosi Kulangwa

Bosi Kulangwa aliingia shambani kwa Bi Nyamizi akipunga leseni ya kutafuta dhahabu.

"Mama, hama. Kila kitu ndani ya vigingi hivi ni changu."

"Hata mashimo, baba?" Shamba lilijaa mashimo yaliyoachwa wazi na wachimbaji wa zamani.

"Hasa mashimo!"

"Basi mwambie na mgeni wangu yule pale, maana nikimwambia mashimo si yangu haniamini."

Kulangwa akamwonyesha mgeni mashimo yote thelathini, moja moja, kwa majigambo. Mgeni akaandika, kisha akatoa kitambulisho. Alikuwa afisa madini.

"Vizuri. Yafukie yote kabla ya Ijumaa, la sivyo utashtakiwa."

Bosi akaruka futi mia. "Mashimo si yangu! Hata shamba silijui!"

Bi Nyamizi akamnyooshea kalamu.

"Andika hayohayo, baba, uweke na sahihi."