Damu Ndani ya Tambuu

Mla tambuu hajui damu yake. Mmeisikia jana pale harusini, mkacheka, mkadhani wazee wenye midomo myekundu wanatukanwa. Hakuna aliyetukanwa. Kaeni, na anayemung'unya ubuyu autoe kwanza, maana habari yenyewe ni ya meno. Methali hii ilianza hivi.

Pangani, ng'ambo ya Bweni, alikuwapo mpiga zumari aitwaye Mwinyihatibu. Harusi ambayo hakupuliza yeye watu waliiita hitima. Akianza, mashavu yalimtuna kama vitumbua, na vikongwe waliosahau njia ya chooni waliikumbuka njia ya uwanjani.

Mkewe, Mwanamvua, alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote: kumkunjia mumewe tambuu. Jani bichi, chokaa kidogo, kokwa ya popoo, na tumbaku ya kuchangamsha. Kwa desturi yao mke alikunja mwenyewe, akamtilia mumewe mdomoni kwa mkono wake. Mume akila tambuu ya mkono mwingine, mtaa mzima ulishajua analala wapi.

Asubuhi moja Mwanamvua aliona doa jekundu kwenye foronya.

"Mume wangu, hii si damu?"

"Tambuu hiyo. Umeolewa na mimi au na foronya?"

Mwanamvua akacheka, akaifua. Siku ya tatu akakuta doa jingine, akalifua nalo. Mwinyihatibu akipiga mswaki alitema mate mekundu, lakini nani angeshangaa? Alitema mekundu tangu ujanani. Mswaki ulipoanza kumchoma fizi, akauacha. Ukakaa kikombeni umekauka, kama mgeni aliyekosa mwenyeji.

Kisha pumzi yake ikaharibika. Mwanamvua akawa analala kaelekea ukutani. Kumwambia aliona haya, basi akamzidishia karafuu na iliki katika tambuu ili kinywa kinukie. Alidhani anamtibu, kumbe anamfunika. Fizi zikavimba, zikang'aa, kisha zikaanza kunywea, na meno ya mbele yakaonekana marefu.

"Shoga, mumeo anaota meno uzeeni," majirani wakamtania kisimani.

Naye akacheka nao. Hakujua kwamba jino la mtu mzima halirefuki. Ni ufizi unaolikimbia.

Mwaka huo binti yao wa pekee, Mwanaidi, alichumbiwa, harusi ikawekwa baada ya Idi. Mwinyihatibu alikuwa amewapulizia mabinti wa watu miaka thelathini, akingoja siku ya kumpulizia wa kwake. Zikabaki wiki tatu. Alipoketi barazani kujaribu wimbo wa kumtoa bibi arusi, jino la mbele likacheza. La kando yake likacheza pia. Hapo ndipo Mwanamvua alipomshika mkono, wakaenda kwa tabibu wa meno, mama mmoja wa Kisambaa aliyeitwa Bi Shekifu.

"Fizi zako hutoka damu, baba?"

"Hata siku moja."

Bi Shekifu akautazama mdomo ule mwekundu. "Basi leo usile tambuu. Njoo kesho."

Kesho yake akamsukutulisha maji mpaka yakatoka meupe. Akapitisha kijiti chembamba cha chuma kandokando ya ufizi, polepole, akampa bakuli jeupe.

"Tema."

Mate yakawa mekundu.

"Tambuu hiyo," akasema Mwinyihatibu.

"Tambuu ya lini, baba?"

Bi Shekifu akamgeukia mke. "Mama, nyumbani hukuona kitu?"

"Niliona." Sauti ya Mwanamvua haikufika hata mlangoni. "Nikafua."

Bi Shekifu akawaeleza bila kuwapamba. Ukoga ulikuwa umeganda mashinani mwa meno, umekuwa mgumu kama jiwe. Chini yake ufizi umeoza na mfupa umeliwa. "Damu ilipoanza tu ungekuja, ningeukwangua ukoga huu. Ungepiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, taratibu, pale jino linapokutana na ufizi, na tumbaku ungeiacha. Ufizi ungepona. Wewe, kama wengi, ulipoona mswaki unachoma, ukauacha. Siku ile ndiyo uliyouhitaji. Meno ya nyuma nitayasafisha mpaka chini ya ufizi, yanaweza kubaki. Haya manne ya mbele hayana pa kushika, tuyatoe."

"Niachie wiki tatu tu, mwanangu. Nimpulizie binti yangu."

"Nikiyaacha, baba, siyo mimi ninayeyashika."

Akakataa kung'olewa. Kabla hawajaondoka, Bi Shekifu akamwambia Mwanamvua naye apanue kinywa. Fizi zake nazo zilitoka damu, ila ndiyo kwanza zinaanza. Akakwanguliwa, akafundishwa kupiga mswaki, na wiki mbili baadaye hakutema tone.

Siku ya harusi ikafika. Mwanaidi yu ndani, amefunikwa kanga, anasubiri zumari ya baba yake imtoe. Mwinyihatibu akavuta pumzi, mashavu yakatuna. Wimbo ukapanda mara moja, ukapendeza, kisha ukawa upepo mtupu. Jino lilikuwa mkekani. Watu wakacheka kwanza, halafu wakaona uso wake.

Mwanaidi alitolewa kwa vigelegele tu. Zumari ikatundikwa ukutani, buibui wakaifanya nyumba.

Wakazeeka pamoja. Mume alichovya mkate katika chai. Mke, kando yake, alivunja korosho kwa meno yake yote thelathini na mawili, na kila moja ilipovunjika mume aligeuza uso. Baada ya muda Mwanamvua akaacha korosho.

Bibi arusi mmoja wa jirani akamjia siku moja na kijaluba kipya cha tambuu mkononi. "Bibi, nifundishe kumkunjia mume wangu. Wanasema hakuna aliyekushinda."

Mwanamvua akakichukua kijaluba, akakifunga, akamrudishia.

"Niulize mimi, mwanangu. Anayekunja huiona damu, akaifua, akidhani ni tambuu. Mla tambuu hajui damu yake."