Dari ya Bwana Msellem

Fundi Hidaya alikuwa hodari wa kupaka chokaa bila kujidondoshea hata tone. Alipomaliza dari ya nyumba kongwe ya Bwana Msellem, tajiri huyo alimkagua tangu ushungi mpaka kandambili.

“Msafi hivi, umefanya kazi gani? Rudia dari yote!”

“Bwana, leo namwoza binti yangu.”

“Atakungoja.” Akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda zake.

Aliporudi adhuhuri, alimkuta Hidaya mweupe mwili mzima. Akainua macho, akachekelea.

“Hii ndiyo dari! Ile ya asubuhi ilikuwa imepauka.”

“Kumbe umeiona tofauti?”

“Macho ninayo, Bi Hidaya! Haya, nenda harusini.” Akampisha mlangoni.

Hidaya akatoka mpaka barazani, ndipo akamgeukia.

“Dari ni ile ile ya asubuhi, bwana. Chokaa ya mara ya pili nimejipaka mimi.”