Bakuli Lililo Chini ya Birika

Kabla samaki hajajua kuishi chooni kwa watu, mji huu wa Kimwangwe ulikuwa na kila kitu isipokuwa usingizi. Nyumba ni hizi hizi mnazoziona, ila siku hizo zilikuwa na mapaa. Kuta za matumbawe, unene wake mkono mzima. Vyoo ndani, tena orofani, wakati wafalme kadhaa wa mbali, wenye mataji na majeshi, bado walikuwa wakitafuta kichaka. Na kila choo kilikuwa na birika lake la kujengwa, maji yake ya kuchota kwa kata. Maji yakatuama. Mbu, ambao hawajawahi kuona maji yaliyotuama wakakosa kushukuru, wakazaa humo.

Siku moja Mwinyi wa mji akaumwa na mbu sikioni. Raia walikuwa wakiumwa kwa miaka arobaini, lakini hilo lilikuwa jambo la raia. Sikio la Mwinyi lilikuwa jambo la serikali. Ikaundwa ofisi, Bwana Badi akateuliwa kuwa Msimamizi wa Mbu, naye akaanza kazi kama waanzavyo wote: akadai kiti. Alipokipata, akaamuru lipigwe siwa, lile baragumu kubwa la mji, na itangazwe kwamba mbu wote wawe wamehama ifikapo Ijumaa. Watu wakakusanyika kwa wingi kusikiliza. Mbu nao, walipoona watu wamekusanyika, wakaja.

Ijumaa ikapita, ikatoka amri ya pili: kila birika litachotwa maji mpaka chini kabisa, likaguliwe. Wenye nyumba wakapewa taarifa ya siku kumi na mbili, kwa sababu kupewa taarifa ni haki, hata ya mbu.

Habari hiyo ilimkuta Fundi Shekuwe juu ya dari, nusura aanguke. Huyu ndiye aliyejenga nusu ya mji, na birika la nyumbani kwake lilikuwa linavuja. Likijazwa asubuhi, adhuhuri limebaki nusu. Mwaka mzima alikuwa akiwasingizia wageni. Sasa maji yakichotwa, ufa utaonekana, na sheria ya mafundi wa Kimwangwe haikuwa na maneno mengi: aliyevujisha kwake hajengi kwa mwenzake. Timazi yake, ile kamba yenye jiwe ya kunyooshea ukuta, ingetupwa baharini mbele ya watu, naye angekwenda zake bara kujenga mazizi ya mbuzi.

Akaupaka ufa chokaa, ufa ukaila. Akaupaka tena, ukaila tena. Mwisho akachimba kidogo pale chini penye ufa, akashindilia chokaa, akazamisha juu yake bakuli la kaure, jeupe, lenye maua ya buluu, lililotoka Uchina. Likashika, likaziba, likakaa kama lililozaliwa hapo. Kasoro yake moja tu: lilikuwa la mkewe, Mwana Shee, alilopewa na mama yake siku ya harusi.

"Shekuwe," akasema Mwana Shee, ameinama juu ya birika, "bakuli la mama yangu linafanya nini chooni?"

"Linaokoa nyumba, mke wangu."

"Litoe."

"Likitoka, na mimi natoka. Sijui utampikia nani huko kwenye mazizi."

Mwana Shee akajinyoosha. "Basi likae. Lakini tupu haliwi. Bakuli la mama yangu halijakaa tupu kwa mtu hata siku moja."

Kwa watu wa Kimwangwe, kama kwetu mpaka leo, chombo cha mtu hakikai kwako kitupu wala hakirudi kitupu, hata kama ni kutia chembe mbili za chumvi. Fundi akatia maji. Akaambiwa maji si kitu. Akatia limau, likaelea, likaenda zake. Basi Mwana Shee akashuka mwenyewe kisimani, akarudi na visamaki viwili, kila kimoja kama ukucha, akavitumbukiza. "Sasa lina kitu," akasema, akaenda kukuna nazi.

Siku ya kumi na mbili Bwana Badi akafika, na mwandishi wake, na mtu wa kubeba kiti. Alikwisha kukagua mabirika sitini, yote yamejaa viluwiluwi vya mbu. Maji yakachotwa, kata baada ya kata, Fundi ameegemea ukuta na timazi ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Yakabaki maji ya ndani ya bakuli tu, na visamaki viwili, vinono, vikimtazama Msimamizi. Kiluwiluwi hakuna hata kimoja.

"Hawa ni akina nani?" akauliza Bwana Badi.

Sauti ya Mwana Shee ikatoka nyuma ya pazia: "Ni wakaguzi, bwana. Wamekutangulia. Tena wameanza kazi bila kiti."

Bwana Badi akajifanya hakusikia. Akaingiza mkono, akalishika bakuli ukingoni ili aling'oe. "Na hili je?"

"Bwana," akasema Fundi, kwa sauti ya mtu anayesikia mbuzi kwa mbali, "hiyo ndiyo ofisi yao. Maji yakipungua, watakaa wapi?"

Bwana Badi akauondoa mkono polepole. Mambo mengi ya mabirika yalimpita, lakini hilo alilielewa. Hakuna msimamizi anayeng'oa ofisi ya mwenzake.

Kesho yake siwa likalia: kila birika liwe na wakaguzi wawili na ofisi yao. Bwana Badi akasifiwa kwa ubunifu, akapewa kiti kikubwa zaidi. Fundi Shekuwe akapata kazi ya mabirika sitini. Mwinyi akalala.

Na tangu siku hiyo, birika la nyumba ya mawe halikosi samaki, wala chini yake halikosi bakuli. Jumba la Mwinyi limebaki ukuta mmoja, na ofisi ya Bwana Badi hatujui hata ilikuwa upande gani. Bakuli ni hili hapa. Mwaka juzi walikuja wataalamu na kamba zao, wakapima, wakaandika kwamba liliwekwa kuonyesha utajiri wa mwenye nyumba. Nikawaambia, jamani, chini yake mna ufa. Wakanitaka nilete barua ya kuthibitisha. Kisha wakapigilia kibao hiki: USIGUSE.

Sikubishana nao. Ndilo neno lile lile ambalo Fundi Shekuwe aliomba moyoni siku nzima ya ukaguzi serikali iliseme.