Karanga ya Siku ya Nane

Palikuwa na mama mmoja, wapendwa, aliyeogopa karanga kuliko simba. Msicheke! Simba utamsikia akinguruma. Karanga inajificha kwenye kisamvu, kimya, inakungoja. Binti yake wa miaka sita alikuwa na mzio. Kijiko kimoja tu cha kisamvu cha arusini, midomo ikavimba, koo likabana, akafikishwa hospitali anapumua kama pampu ya baiskeli iliyotoboka.

Daktari akasema, "Tutaufundisha mwili wake kuvumilia karanga. Na tutaufundisha kwa karanga."

Mama akasimama. "Karanga? Daktari, wewe asubuhi umekula nini?"

Lakini wakaanza. Unga wa karanga ulipimwa kwenye mizani, kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kijiti cha meno. Mtoto anameza palepale hospitalini, anakaa, muuguzi anamkodolea macho kama mama mkwe anayemtazama mkwewe akisonga ugali. Akiwa salama, kiasi hicho anakula nyumbani kila siku. Kukiongeza ni hospitalini tu. Miezi mitano! Mtoto akatimiza miaka saba, wakafika robo ya karanga moja. Mama alitaka jambo moja: mwanawe aketi arusini na wenzake, na kosa la mpishi lisigeuke msiba.

Ndipo kanisani kwao ukatangazwa mfungo wa siku saba. Mama akafunga. Na kwa bidii yake, akaifungisha na ile karanga ya mtoto. "Wiki hii tunamwachia Mungu," akasema. Siku ya nane akachukua robo ileile, akampa, kana kwamba hakuna siku iliyopita.

Midomo ikavimba! Sindano ya dharura waliyopewa na daktari ikachomwa, mbio hospitali. Mungu ni mwema, mtoto akapumua.

"Mama, mbona hukunipigia kwanza?"

"Tulikuwa kwenye mfungo, daktari."

"Mimi pia hufunga, mama. Lakini mwili wa mtoto umesahau. Tunarudi kwenye ncha ya kijiti."

Mama akalia. "Miezi mitano yote? Basi tuache! Tutakula maharage mpaka Yesu arudi!"

Mtoto, midomo bado minene kama maandazi, akamvuta mama yake kanga. "Mama, ncha ya kijiti niliiweza nina miaka sita. Sasa nina saba." Akafungua mdomo, aaa!

"Funga kwanza, bibie," daktari akasema. "Nitakuambia siku."

Mnamcheka yule mama? Haya, wewe hujasema na ndugu yako tangu ile kesi ya mpaka wa shamba. Miaka minne! Leo Roho amekugusa, unataka kumwendea na mbuzi, kwaya na hotuba ya saa nzima. Atavimba! Anza na "hujambo". Kesho, "hujambo" tena. Na wewe uliyeacha kusali tangu Pasaka, unarudi kwa kishindo cha siku tatu, ya nne unakoroma. Kwa nini? Kwa sababu sisi tunaona aibu kurudi kwenye kidogo. Tulishafika robo, bwana! Nani atuone na ncha ya kijiti?

(Na bibi zangu, msiende kuwajaribia wajukuu karanga jikoni. Ile ni kazi ya daktari!)

Siku ilipofika, wapendwa, mlango wa hospitali ulifunguliwa asubuhi, na yule mtoto alikuwa ameshafika. Sisi tuko wapi?