Uzuri wa Pikipiki Huulizwa Mgongo

“Uzuri wa pikipiki huulizwa mgongo.” Mmemsikia fundi akimwambia mwenzenu Lugano hivyo, alipokwenda kutazama pikipiki ya kununua, mkacheka, kisha mkaniuliza msemo huo ulitoka wapi. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, na mimi nilikuwapo.

Hapa Rungwe palikuwa na dada na kaka, Tusajigwe na Ambakisye. Mjomba wao alipofariki aliwaachia pikipiki mbili kubwa za safari ndefu, zile zenye kiti cha chini na mngurumo mzito. Moja ilikuwa nyeusi, ndefu, inameta. Usukani wake ulikuwa mbali na kiti, na vikanyagio viko mbele kabisa. Ya pili ilikuwa fupi, imepauka, vikanyagio viko chini ya magoti na usukani karibu na kifua.

Tusajigwe, mkubwa kwa kuzaliwa lakini mfupi wa kimo, akachukua inayometa. Ambakisye, aliyeinama kila alipopita mlangoni, akabaki na iliyopauka. Watu wakamwambia Tusajigwe ile haimfai.

“Ukubwa haupimwi kwa futi,” akajibu.

Masika moja, bibi yenu Sekela aliumwa na nyoka shambani. Dawa ya sumu ile ilipatikana Mbeya tu, na mlimani udongo ulikuwa umeporomoka ukaziba barabara. Ulibaki ujia wa kupita pikipiki. Ndugu wale wakajitolea kwenda wote wawili, ili mmoja akikwama mwingine afikishe.

Mchana nilikwenda na wanakijiji kuwangoja chini ya maporomoko. Nikawaona kule juu, wakirudi. Tusajigwe alikuwa amenyoosha mikono na miguu kama ngozi iliyowambwa. Alipojaribu kusimama kwenye tope, mguu wake haukufika chini, na pikipiki ikamlalia. Ambakisye alitaka kumkimbilia, lakini magoti yake, yaliyokunjwa njia nzima, yalikuwa yamekufa ganzi. Alishuka akichechemea.

Waliyosema walikuja kutueleza baadaye.

“Dada, nipe hiyo nyeusi.”

“Ni yangu.”

“Itabaki yako. Lakini Sekela anakufa.”

Tusajigwe alifuta tope usoni, akamwachia usukani.

Alipokaa kwenye ile iliyopauka, nyayo zake zote mbili zikakanyaga ardhi. Ambakisye naye akanyoosha miguu mirefu mbele, mgongo ukatulia.

Wanangu, sijaona tena jambo kama lile. Walishuka kwenye ukungu, ukingoni mwa korongo, bila kuyumba, kila mmoja kama aliyezaliwa juu ya chombo chake. Mlima mzima ulinguruma. Mwanamume mmoja karibu yangu alivua kofia.

“Hizi ndizo zile za asubuhi?” mama mmoja akauliza walipofika.

“Ndizo, mama,” akajibu Tusajigwe, akinikabidhi mfuko wa dawa. “Mimi niliyauliza macho. Kumbe ningeuuliza mgongo.”

Nilikimbia na ule mfuko mpaka hospitali alikolazwa Sekela. Jioni bibi yenu alifumbua macho, akaomba uji. Ndugu wale hawakurudishiana pikipiki tena.

Basi Lugano, usiilipie ile kwa kuwa inang’aa. Ipande kwanza, kanyaga chini, shika usukani, kaa mpaka mwili ukujibu. Uzuri wa pikipiki huulizwa mgongo.