Zimwi Lililotii

Sogeeni motoni. Hadithi hii msiipigie vigelegele, vilishapigwa.

Nakiete, kiongozi wa kwaya, aliimba kila siku: "Bwana, niambie, nitakwenda." Asubuhi moja sauti ya Mungu ikamwambia, "Mpelekee wifi yako uji, anaumwa." Akajibu, "Nikitoka mazoezini." Kesho yake ikarudi. "Nikitoka mazoezini." Siku ya tatu ikarudi tena. "Nikitoka mazoezini!"

Jioni akaenda. Mlangoni kwa wifi akakuta zimwi limeshika bakuli, linalia.

"Umemla wifi yangu!"

"Nimemzika. Siku zote tatu nilimnywesha uji, naye akikuulizia wewe."

"Nani alikutuma?"

"Aliyekutuma wewe. Mimi kuimba sijui, mama. Niliambiwa, nikaja."

Jumapili Nakiete aliimba wimbo uleule, nasi tukampigia vigelegele.